Futa Mstari wa Tisa

Kila mwaka ikifika Julai, NECTA ikishatoa matokeo ya kidato cha sita, mimi nageuka mtu muhimu sana pale kwetu Kimara Temboni. Miezi mingine kumi na moja ni yule mtoto wa mama vitumbua anayesoma ualimu. Julai nakuwa ofisi. Watu wanabisha hodi na karatasi mkononi: "Madam, hebu muangalie huyu, ana PCB." "Dada, CBG inaingia kozi gani?" Nadhani na wewe unayesoma hapa, kama umetokea mtaa wa kawaida, yamekukuta. Ukishaingia chuo kimoja tu, mtaani unahesabiwa kuwa unavijua vyote.

Sasa wanachuo wenzangu, tunawajibu nini? Nimeyasikiliza majibu yetu, na ya kwangu ya mwaka jana yamo humo, na karibu yote ni yale yale: jaza vyuo vingi uwe na uhakika, mwishoni weka na ualimu uwe spea taili, mengine mwachie Mungu. Naandika kusema kwamba huo ni ushauri mbovu, na kwamba sehemu mbovu kuliko zote ni hiyo ya spea taili. Nasema hivyo nikiwa spea taili mwenyewe.

Mwaka huu zamu imetufikia ndani ya nyumba. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, kombi ya PCM, na matokeo yametoka: Fizikia B, Kemia C, Hisabati C. Divisheni wani ya pointi nane. Mama alilia, majirani wakaja, soda zikanyweka. Kesho yake jioni dogo akaniletea daftari. Wenzake wengi wako kambini JKT na fomu zao wanajaziwa na wajomba; yeye ana pumu, hakwenda, kwa hiyo alikuwa na muda wa kutosha wa kutengeneza orodha. Ilikuwa na mistari tisa.

Wa kwanza Uhandisi wa Petroli, Mlimani. Wa pili Sayansi ya Kompyuta, hapo hapo Mlimani. Wa tatu Uhandisi wa Umeme, DIT. Wa nne Usanifu Majengo, Chuo Kikuu Ardhi. Wa tano ndege, NIT pale Mabibo. Wa sita Uhandisi wa Mitambo, MUST kule Mbeya. Wa saba usalama wa mitandao, UDOM. Wa nane umwagiliaji, SUA. Wa tisa ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wa haraka haraka: "Elimu (Hisabati na Fizikia), popote."

Popote. Hata chuo hakutaja.

Kabla sijaendelea niseme kidogo kuhusu mfumo, maana wapo wanaoshauri kwa kumbukumbu za kaka zao. Kuanzia mwaka 2010 TCU ilikuwa na mfumo mmoja wa pamoja: unaingia mara moja, unapanga machaguo yako, mfumo unakupangia chuo. Tangu 2017 mambo yalirudi vyuoni. Unaomba chuo kimoja kimoja, kila chuo na tovuti yake, na kila chuo na ada yake ya maombi, shilingi 10,000. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, unatumiwa namba ya siri kwenye simu, unathibitisha kimoja, unaviacha vingine. Maana yake kazi ya kuchuja imetoka kwenye kompyuta ya TCU imehamia kwetu, mezani, na imekuja na bei.

Orodha ya dogo ilikuwa na vyuo saba, ukiacha huo mstari wa popote. Elfu sabini. Ongeza elfu thelathini ya maombi ya Bodi ya Mikopo. Mama anauza vitumbua pale kituoni Kimara Mwisho, kimoja mia mbili. Elfu sabini ni vitumbua mia tatu na hamsini, na hapo sijatoa mchele, mafuta wala mkaa. Halafu kuna kijana wa steshenari anayekujazia fomu kwa elfu tano kila chuo. Huyo naye kila mtu anamuuliza ushauri, na yeye siku zote anashauri vyuo vingi. Sijui kwa nini hatushangai.

Lakini pesa sio hoja yangu kubwa. Hoja yangu inaanza miaka miwili iliyopita, na ni aibu kidogo.

Mimi nilisoma PCB. Nilitoka na Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C, divisheni tuu ya kumi. Nyumbani nilikuwa "Dokta" tangu darasa la nne, nilipomfunga shangazi bandeji kwa kitenge. Nikafungua mwongozo wa udahili wa TCU, nikaenda moja kwa moja kwenye Udaktari wa Binadamu. Pale wanataka ufaulu wa masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla pointi zisizopungua 6. Kwa hesabu yao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mimi nilikuwa na 8. Nikapiga kelele ndani ya nyumba: nimefuzu!

Nikaomba vyuo vitano, viwili vya umma na vitatu binafsi, vyote udaktari. Nikajiona mjanja, nina nafasi tano. Kumbe nilikuwa na nafasi moja niliyoilipia mara tano. Kigezo cha chini ni mlango wa kuingia kwenye foleni, sio kiti. Nafasi zinahesabika, na wanaoomba wenye A mbili na B moja wako wengi kuliko nafasi zenyewe. Mwongozo ule ule una safu inayoonyesha kila kozi inachukua watu wangapi. Ipo pale pembeni, imeandikwa kwa tarakimu, na katika watu wote walioniletea karatasi zao sijamuona hata mmoja aliyewahi kuisoma. Na mimi sikuisoma. Halafu kwa vile vitatu binafsi hata sikujiuliza tungelipa na nini. Ada ya udaktari chuo binafsi inaweza kuwa mara tatu ya chuo cha umma au zaidi, na mkopo wa ada una kikomo chake. Yaani hata wangenichukua, mama angeuza vitumbua mpaka ashindwe, na bado ningerudi nyumbani mwaka wa kwanza.

Dirisha la kwanza likapita, kimya. La pili nikaomba tena udaktari, kwa ubishi tu. Kimya. La tatu nikiwa nimekonda, mjomba akasema kama tunavyosema wote: weka ualimu, huko hawakosi nafasi. Nikaweka Sayansi na Elimu, Kemia na Baiolojia. Nikachaguliwa. Ndo niko hapa.

Kwa hiyo dogo aliponiletea mistari tisa, sikuanza na vyuo. Nilimuuliza swali moja kwa kila mstari: ukichaguliwa huu tu, mingine yote ikakataa, utakwenda? Sio "utafurahi". Utakwenda, utakaa miaka mitatu au minne, utaamka asubuhi kuufanya? Na kabla ya kujibu, niambie mtu wa kazi hiyo anashinda anafanya nini.

Mstari wa kwanza ukaanza kuyumba hapo hapo. "Kwa nini petroli?" "Gesi, dada." "Nani kakwambia?" Mjomba. Mjomba wetu ana habari za gesi tangu bomba la Mtwara hadi Dar lilipozinduliwa mwaka 2015, na kila akija anasema kiwanda cha Lindi kinaanza mwakani. Tukaongea, tena kwa haki: kuna bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, sio hadithi. Ila dogo hakuweza kuniambia mhandisi wa petroli anafanya nini siku ya Jumanne. Aliweza kuniambia analipwa shilingi ngapi. Tukaukata.

Kompyuta ilichukua wiki nzima. Hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu maishani, na shuleni kwao kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Nikamwambia masomo ya kuanzia yapo bure mtandaoni, simu unayo, bando nitakuwekea, fanya siku saba. Siku ya tatu nikamkuta nje anafungua subwoofer ya jirani. Mstari wa pili na wa saba akaufuta mwenyewe, bila maneno. Hapa sitaki nieleweke vibaya: sisemi asiyewahi kugusa kompyuta asisome kompyuta. Wapo darasani hapa waliofika hivyo hivyo na sasa ni moto. Nasema angalau ujipe wiki moja na kitu kabla ya kukipa miaka minne.

Ardhi ilikuwepo kwa sababu rafiki yake anakwenda Ardhi. SUA ilikuwepo kwa sababu kuna mtu alimwambia umwagiliaji hauna ushindani. Hizo hazikuchukua hata dakika tano.

Ndege ndiyo iliyoniuma, maana huo ningeubakiza mimi. Mabibo si mbali na kwetu, akaenda siku moja akakaa na mwanafunzi mmoja wa pale, jamaa akamueleza kwamba digrii yenyewe haikupi leseni ya kusaini kwamba ndege iko salama. Leseni inatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ni safari nyingine ya mafunzo na uzoefu baada ya kumaliza. Dogo akarudi amenyong'onyea, akafuta. Nikamwambia lakini si unapenda? Akasema anapenda ndege zikiwa juu. Basi.

Kilichobaki ni umeme, na ukimfahamu huyu mtoto utacheka kwamba ilitubidi tuzunguke hivyo. Tangu darasa la sita anafungua redio. Nyumba tatu za jirani soketi zao kazifunga yeye, na mama ameshapiga kelele mpaka kachoka. Ila umeme ulikuwa mstari wa tatu kwa sababu hauna jina kubwa. Anaona ni fundi tu. Nikamkumbusha kwamba treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024 inakwenda kwa umeme, na Bwawa la Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na hizo megawati hazitembei kwa miguu kufika Kimara. Simdanganyi kwamba ajira ipo inamsubiri. Wahandisi wa umeme wasio na kazi wapo, nawafahamu, mmoja anaendesha bodaboda pale Suka. Ila huyo wa Suka jioni anatengeneza inveta na hajafa njaa.

Tukapanga upya. Mlimani: Umeme kwanza, Mitambo pili, ada moja. DIT: Umeme. Hizo mbili kila mtoto wa PCM wa Dar es Salaam anazijua, foleni ni ndefu, kwa hiyo nyingine mbili tukazitafuta nje ya Dar. MUST ikabaki ila mitambo ikashuka chini ya umeme. UDOM ikabaki kwa Uhandisi wa Mawasiliano ya Simu, na kwa sababu chuo kile kimejengewa mabweni mengi. Kila kozi tukasoma ile safu ya idadi ya nafasi. DIT ina jambo moja zuri kwetu: mwendokasi kutoka Kimara inakushusha kwenye kituo kinachoitwa DIT kabisa, geti liko pale. Ukikaa nyumbani umeokoa kodi ya chumba, na kwenye boom ya elfu kumi kwa siku hiyo si kidogo. Hasara yake ni Kimara Mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Mliowahi kuingia lile basi kupitia dirishani mnajua ninachosema, na mnajua unavyofika darasani shati likiwa halina vifungo.

Vyuo vinne. Elfu arobaini. Nikadhani tumemaliza.

Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele muda wote huo. Akauliza, "Na ule wa tisa?"

Dogo akasema, "Huo ni wa kuwekea tu, mama." Nikamuuliza swali lile lile: ukichaguliwa huo tu, utakwenda? Akasema atakwenda, halafu mwaka unaofuata atahama. Nikamwambia basi ufute.

Hapo mama akaweka ungo chini. "Mnafuta riziki. Wewe mwenyewe ulikataliwa kote, ualimu ndio ukakupokea. Leo unasoma, boom unapata, hata mimi unanitumia. Ungefutiwa na wewe ungekuwa wapi?"

Nitakuwa mkweli, sikuwa na jibu la haraka. Mama hajakosea. Fani za ualimu wa sayansi na hisabati zimo kwenye zile zinazopewa kipaumbele kwenye mikopo, pamoja na afya na uhandisi. Bila ule mstari wa mwisho ningekuwa nyumbani mwaka mzima. Na wapo watakaosoma makala hii waseme huyu dada ameshashiba, anawafungia wengine mlango.

Ila mama hajui kilichotokea kwenye TP.

Mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari huku huku Dar, sitaitaja. Nikapewa kidato cha pili, Kemia, watoto zaidi ya tisini kwenye chumba cha watoto arobaini. Nilikwenda nikiwa na hasira. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nikiulizwa mtaani nasoma nini najibu "Kemia", neno Elimu nalimeza. Kuna waliodhani nitakuwa mkemia wa serikali, nikawaacha wadhani. Darasani nilikuwa naingia na desa, nasoma, wanaandika, natoka. Wiki ya pili binti mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili, kwa kunong'ona kama vile anaiba: "Madam, kwa nini chumvi inayeyuka kwenye maji lakini kwenye mafuta ya taa haiyeyuki?"

Hilo ni swali zuri sana. Ni swali ambalo ukilifuata linakupeleka mpaka namna atomu zinavyoshikana. Na jibu nilikuwa nalijua, ndilo somo ninalosomea. Nikamjibu, "Hiyo haitoki kwenye mtihani. Andika."

Akakaa. Katika wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena. Wala wenzake.

Sikumpiga yule mtoto, sikumtukana, na mkaguzi alipokuja nilipata alama nzuri. Hakuna mahali popote pameandikwa kwamba nilifanya kosa. Lakini mimi najua kwamba siku ile yule binti alikuwa analipia dirisha langu la tatu la udahili. Yeye hakuniambia niombe udaktari mara tano bila kusoma safu ya nafasi. Mimi nimekosa kiti changu, nimekwenda kumkalia yeye.

Ndo maana nikisikia tunawaambia vijana wa mtaani "weka ualimu mwishoni", mwili unanisisimka. Hatumuwekei yeye spea. Tunamuwekea mtoto wa mtu mwingine. Nchi hii imelia miaka mingi kuhusu walimu wa sayansi, na imewahi kutafuta njia ya mkato: mwaka 2014 pale UDOM ilianzishwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi kwa waliomaliza kidato cha nne, na mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wakarudishwa nyumbani. Kila mtu analia na idadi. Sijasikia mtu akiuliza ni wangapi kati yetu tulioko kwenye madarasa ya Elimu tulitaka kuwa hapa. Ulizeni siku moja kwenye semina, wanyooshe mikono. Mimi niliuliza kundi letu la watu wanane. Wawili.

Hata ule uhakika tunaouhubiri umekwisha. Siku hizi mwalimu anaitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira, anapanga foleni kama wengine, na wenzetu waliomaliza miaka mingi nyuma bado wako mtaani. Anayeingia ualimu kwa sababu ya uhakika anaweza kukosa vyote viwili, kazi na kupenda kazi.

Mtaniuliza: mbona wewe sasa hivi unaongea kama mtu anayeipenda? Ni kweli, nimeanza kuipenda. Ilinichukua karibu miaka miwili, na ilianza kwa aibu ya yule binti, sio kwa mipango yangu. Nilirudi chuo nikaanza kuchukua masomo ya njia za kufundishia kwa uzito, hadi wenzangu wakanishangaa. Lakini siwezi kumshauri mdogo wangu apite njia hiyo kwa matumaini kwamba na yeye ataaibika vizuri. Na kama angeniambia, "Dada, mimi Hisabati naweza kuwaelewesha watu, wenzangu bweni zima walikuwa wanakuja kwangu," ningemwambia ualimu uandike mstari wa kwanza, sio wa tisa, na uchague chuo, hapa Mlimani au DUCE Chang'ombe au MUCE Iringa, usiandike popote. Mtu anayeandika popote hajachagua kitu.

Nilimweleza mama habari ya yule binti na chumvi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ungemjibu tu." Akaendelea kuchambua mchele.

Naomba basi, Julai hii wakibisha hodi, tusiwape orodha. Tuwaombe orodha yao tuwasaidie kufuta. Waulize jina la kozi, halafu waulize Jumanne yake ikoje. Wafungulie mwongozo wa TCU kwenye ile safu ya nafasi, waone kwa macho yao. Wakumbushe mapema uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA kwa ajili ya mkopo, maana hilo huwa linawakuta siku ya mwisho. Mwambie ukweli kuhusu kozi yako wewe, pamoja na masapu, pamoja na waliodisco. Na akikwambia kuna mstari hataki kwenda hata akichaguliwa, mpe kalamu.

Nyumbani kwetu mambo hayajaisha. Jumamosi mama alimpa dogo pesa ya maombi. Mimi nilihesabu nikiwa pembeni: elfu hamsini, sio arobaini. Nikamuuliza ile kumi ya nini. Akasema ya nauli. Kutoka Temboni hadi steshenari mtu anatembea kwa miguu.

Dogo amelipia vyuo vinne. Ile elfu kumi ya tano imekunjwa ndani ya daftari, kwenye ukurasa ule ule wa orodha, na dirisha la kwanza bado liko wazi. Sijamuuliza.